Deraya ya Mgongo Mfupi

Nei Teboua alikuwa na pua mbaya. Mama yake alimsema hivyo tangu angali mdogo: huyu mwanangu anasikia uvundo pale ambapo wenzake wanasikia njaa. Samaki akilala siku moja, Teboua hamli. Mafuta ya nazi yakichacha, hajipaki hata kama ngozi imempauka. Lakini dunia haimuulizi mtu pua yake ikoje. Mwanamke huyo mwenye kinyaa ndiye aliyekuja kuwa msukaji wa deraya, yale mavazi ya vita ya kamba, anayesifiwa kuliko wote kisiwani Tabiteuea, na kazi ya deraya mwanzo wake ni uvundo, katikati yake ni uvundo, na mwisho wake ni damu.

Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la bahari ya ndani, yakalaliwa na mawe, yakaachwa kwa miezi. Siku ya kuyafukua, harufu yake ni ya yai viza. Teboua aliyafukua huku amegeuza uso pembeni, akayapiga kwa rungu mpaka zikabaki nyuzi tupu, akazikausha, akazisokota juu ya paja. Paja lake la kulia halikuwa na unywele hata mmoja, na lilikuwa gumu kama unyayo. Kamba alizosokota kwa deraya moja, ukizinyoosha, zingetoka nyumbani kwake zikafika mwisho wa kijiji na kurudi. Kisha zilisukwa suruali, zikasukwa mikono, na mwisho likasukwa koti lenyewe, nene kama mkeka uliokunjwa mara nne. Mgongo wa koti hilo ulipanda juu kupita kichwa cha mvaaji, ukasimama kama ubao.

Mtu wa Tabiteuea hakuwa na haja ya kuuliza ubao ule ni wa nini. Wanaume wakipigana, wanawake wao husimama nyuma yao na vikapu vya mawe, wakiwarushia maadui kwa juu. Si kila mwanamke ana mkono mzuri.

Silaha nazo zilipita mikononi mwake. Mikuki ya mti wa mnazi na panga za mbao, zote zimepangwa meno ya papa pande mbili, kila jino limetobolewa na kufungwa kwa uzi na nywele za wanawake. Teboua alinyolewa mara tatu kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini hakujali kunyolewa kama alivyojali siku ya pili ya kila ugomvi, wanaume walipomletea silaha zao azisafishe na kufunga upya meno yaliyolegea. Alikaa ukingoni mwa maji, ameshika mwiba wa samaki, akichokoa kati ya jino na jino vipande vya ngozi za watu anaowajua.

"Hiki ni cha nani?" aliwahi kumuuliza mwenye upanga mmoja.

"Cha binamu yako," yule mtu akacheka. "Msalimie."

Teboua alitema mate majini, akaendelea kuchokoa.

Vita vyenyewe havikuwa vya kuua. Kuchana, ndiyo. Mwanaume asiye na kovu begani au shavuni alikuwa kama mtumbwi usiowahi kutiwa majini. Lakini aliyeua alitoa ardhi yake kwa ndugu wa marehemu, na katika kisiwa ambacho ukisimama katikati unaona bahari mbili, mtu asiye na ardhi ni sawa na mtu asiye na mdomo. Kwa hiyo watu walipigana kwa kelele nyingi na uangalifu mwingi.

Mumewe aliitwa Ten Kabuta, Ten kwa mwanaume kama Nei kwa mwanamke, wa kijiji cha Terawaniba. Alikuwa mgema hodari, mwembamba, mwenye sauti nzuri ya kuimba akiwa juu ya mnazi asubuhi. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Kabuta alisifiwa mno. Alipenda kutazamwa. Siku moja alirudi kutoka mwambani na bunju mkubwa kuliko mabunju yote aliyowahi kuona mtu, akamchuna, akaijaza ngozi mchanga, akaianika mpaka ikakauka imetuna, miba yake imesimama pande zote. Hiyo ikawa kofia yake ya vita. Kwa siku nyingi nyumba nzima ilinuka bunju, na Teboua alilala nje upande wa upepo.

Kofia ilipokauka, Kabuta aliijaribu pamoja na deraya mpya ambayo mkewe alikuwa anaimalizia. Akasimama, akamwambia mdogo wake apite nyuma, amtazame.

"Kofia inaonekana?"

"Naona ubao tu, kaka. Kama mlango unaotembea."

Kabuta alivua palepale. "Mke wangu, punguza huu mgongo."

"Nipunguze mpaka wapi?"

"Mpaka shingoni. Miba yangu ionekane. Nimemvua samaki huyu kwa tabu, sasa nimfiche kama mwizi?"

"Na mawe?"

"Mawe yapi?"

"Ya dada zako, Kabuta. Umemwona Kireata akirusha? Mkono wake kama wa mwanaume, na macho yake kama ya kuku jioni."

Kabuta akacheka mpaka akashika mbavu. "Mawe ya wanawake! Tena wewe ndiye wa kusema, ambaye jiwe lako linaanguka hatua tatu mbele yako! Punguza, mama. Usiniaibishe."

Teboua aliufumua mgongo wa miezi minne kwa siku moja, akaukata usawa wa shingo, akaukunja ukingo. Alifanya vizuri, maana hakujua kufanya vibaya. Moyoni alisema: kichwa ni chake.

Huo ulikuwa mwaka wa ugomvi wa shimo la babai. Teboua hakuzaliwa Terawaniba. Alizaliwa Nukutaake, kijiji cha pili, na huko alikuwa na mama yake mzee na kaka mmoja, Ten Moiua. Ardhi ya Moiua ilikuwa ndogo, lakini ndani yake palikuwa na shimo la babai, yale magimbi makubwa, lililochimbwa na mababu kwa mikono na makombe ya kome mpaka likakutana na maji matamu. Mvua isiponyesha mwaka mzima, minazi ikanyauka, shimo lile lilibaki na majani mapana ya kijani. Ndilo lililomlisha mama yao, na Moiua, na watoto wake wanne.

Upande wa pili wa shimo ilikuwa ardhi ya Ten Bureimoa, kaka mkubwa wa Kabuta. Bureimoa alikuwa mtu mnene, mpole wa maneno, mwenye macho ya kupima. Akisimama kwenye shamba la mtu huwezi kujua anakusalimu au anahesabu minazi yako. Mwaka ule alisema jiwe la mpaka limesogezwa hatua mbili, na kwamba nusu ya shimo ni yake. Moiua akasema jiwe halijasogezwa tangu babu zao. Yakaletwa maneno, yakaletwa matusi, mwisho ikapangwa siku.

"Wewe utasimama upande gani?" mama yake Teboua alimuuliza, siku alipokwenda kumpelekea samaki.

"Upande wa mume wangu, mama. Nimeolewa kule."

"Na kaka yako?"

"Jiwe langu halifiki kwa mtu, mama. Unajua."

Kwenye uwanja wa wazi kati ya vijiji viwili, asubuhi maji yakiwa yamekupwa, wakajipanga. Wanaume wa deraya walikuwa watano kila upande, na wengine wakawa wasaidizi wa kuwashikia mikuki, kwa sababu mtu aliyevaa deraya hawezi kuinama, na akianguka hainuki mwenyewe. Nyuma ya Terawaniba walisimama wanawake kumi na wanne na vikapu vyao. Walikuwa wamechangamka kama watu waliokwenda kuvua.

"Wifi," Nei Kireata, dada yake Kabuta, alimwambia Teboua, "leo unapanda tena mawe yako hapo mbele? Yakiota utugawie."

Wanawake wakacheka. Teboua alirusha jiwe la kwanza. Likaanguka hatua tatu mbele. Wakacheka zaidi.

Mbele, Kabuta alikuwa anamkaribia Moiua, shemeji yake, hatua kwa hatua, miba ya bunju ikimetameta. Wote wawili walikuwa wanatokwa na jasho hata kabla ya kugusana.

"Moiua! Huo mkuki au kijiti cha kuchokolea meno?"

"Shemeji, umevaa samaki kichwani! Nzi wamekutangulia!"

"Njoo nikuchore shavu, mama yako akutambue!"

"Njoo wewe, una miguu! Au dada yangu amekushonea pamoja na mlango?"

Hata wasaidizi walicheka. Moiua alisukuma mkuki wake, ukanasa kwenye mkono wa koti la Kabuta, wakavutana. Hapo wanawake wakarusha yote kwa mpigo, na mawe yakapita hewani kama ndege walioshtuliwa. Kireata alirusha jiwe kubwa la mwamba mweupe kwa mikono miwili, akaruka juu.

"Nimempata!" alipiga kelele. "Mmeona? Nimempata wa kofia! Lile bunju limepasuka!"

Alidhani ni mmoja wa Nukutaake. Kulikuwa na kofia tatu za bunju uwanjani siku ile, na macho ya Kireata, kama Teboua alivyosema, yalikuwa ya kuku jioni.

Kabuta alianguka kifudifudi, polepole, kama mnazi unaokatwa. Moiua alibaki amesimama, mkono kwenye mkuki ulionasa, mdomo wazi. Hakuwa amefanya kitu. Alimwita, "Shemeji?" Kisha akamwita tena kwa jina. Halafu mtu akasema kwa sauti kubwa kwamba amekufa, na silaha zikaanza kuwekwa chini, moja baada ya nyingine, pande zote mbili.

Kireata aliacha kuruka. Alitazama mikono yake. Wanawake waliokuwa karibu naye waliangalia chini, kila mmoja kwenye kikapu chake, kana kwamba ndani kumeingia nyoka.

Maiti ililetwa nyumbani ikiwa bado ndani ya deraya, wanaume sita wakiibeba kwa kupokezana. Ilikuwa kazi ya mke kumvua. Teboua alifungua mshipi wa ngozi ya samaki taa, akafungua kamba alizozifunga mwenyewe asubuhi, na kila fundo lilikuwa limelowa jasho la mtu ambaye hatoi jasho tena. Tumboni hapakuwa na kitu. Mikononi hapakuwa na mchubuko. Akavuta kofia, nayo haikutoka. Nyuma, juu tu ya ule ukingo aliokuwa ameukunja vizuri, ngozi ya bunju ilikuwa imebonyea ndani, miba yake imezama kwenye nywele. Alipoivua kwa nguvu, aligusa fupa la kisogo, likaenda chini ya kidole kama ganda la yai. Kati ya miba palibaki unga wa jiwe jeupe.

Alitoka nje akatapika kwenye mchanga. Aliporudi, Bureimoa alikuwa ameketi kichwani mwa maiti, chupa ya mafuta mkononi, anamlilia mdogo wake. Analia kweli. Machozi yalikuwa yanashuka. Kisha akayafuta, akamtazama Teboua kwa macho yale ya kupima.

"Shemeji, umeiona kofia."

"Nimeiona."

"Una bunju mwingine mkavu humu ndani. Nimemwona darini."

Teboua alifuta mdomo kwa kiganja.

"Wazee wakija kumtazama, wamkute na kofia nzima. Na kisogo tutakilaza kwenye mto wa majani, mafuta mengi, maua. Moiua alikuwa mbele yake na mkuki umenasa. Kila mtu ameona."

"Kila mtu ameona nini?"

"Shemeji." Bureimoa alishusha sauti, ikawa laini kama mafuta aliyoyashika. "Marehemu hakuacha mtoto. Wewe utakula wapi? Shimo likija huku, na wewe utakula humo. Nitakupa mstari mzima wa babai, mpaka ufe. Nani mwingine atakupa?"

Miguuni mwa maiti, Kireata alikuwa amekumbatia nyayo za kaka yake. Hakuinua uso. Teboua alimtazama, akamtazama Bureimoa, na ule mkono mnene uliokuwa unapaka mafuta kifuani mwa maiti, taratibu, huku unajadili shamba. Siku ile ndipo alipojua kwamba vipande vya ngozi kati ya meno ya papa havikuwa kitu. Uvundo wenyewe ulikuwa huu.

"Sawa, shemeji," alisema. "Nitaishughulikia kofia."

Siku ya tatu, maiti ingali ndani, watu wakakutana kwenye maneaba, nyumba kubwa ya mkutano, kila ukoo mahali pake. Nukutaake walikaa upande mmoja. Moiua alikaa mbele yao, amekonda kwa siku tatu. Mama yake alikuwa pembeni ya nguzo, mkono mmoja umeshika kifundo cha mguu wa mjukuu, kana kwamba nao ungechukuliwa.

Msemaji wa wazee alikuwa Ten Terubea, mzee asiye na jino, aliyetafuna tunda la mkadi tangu asubuhi bila kulimaliza. Watu walisema analala katikati ya mashauri na kuamka wakati wa chakula.

Bureimoa alisema vizuri. Alisema habari ya mdogo wake, na sauti yake juu ya mnazi. Alisema hana chuki. Alisema desturi ni desturi, aliyeua hutoa ardhi, na yeye hataki hata mnazi mmoja, anataka shimo lile tu, basi.

"Moiua," Terubea aliuliza, "una la kusema?"

"Sikumpiga, babu. Mkuki wangu ulikuwa kwenye mkono wa koti."

"Alianguka mbele ya nani?"

Moiua akainamisha kichwa. "Mbele yangu."

Manung'uniko yakapita. Hapo mtu mmoja mlangoni akasema, "He! Nini hicho?"

Teboua alikuwa anaingia, amevaa deraya ya marehemu. Mwanamke hakuwahi kuvaa kitu kile. Ilimpwaya mabegani, mikono ilimfunika mpaka vidole, suruali ilikuwa inaburura. Ilikuwa bado na jasho la marehemu, na kwa joto la maneaba harufu yake ilisambaa mpaka watu wa mbele wakashika pua. Kichwani alikuwa amevaa bunju lililobonyea.

"Mama, vua!" mzee mmoja alifoka. "Huna haya?"

"Haya ninayo. Pua pia ninayo." Akatembea mpaka katikati, akawageuzia wazee mgongo, akapiga magoti. "Tazameni."

Walitazama. Mgongo uliishia shingoni. Juu yake kulikuwa na shimo, na miba iliyozama.

"Mimi ndiye niliyesuka," alisema, uso wake ukiwa kwa watu wa kawaida na mgongo wake kwa wakubwa. "Alitaka kofia ionekane, nikaukata. Jino la papa linachana, wazee wangu, halibonyezi. Moiua alikuwa mbele. Hiki kimetoka nyuma."

"Amevunja kofia mwenyewe!" Bureimoa alisimama. Upole ulikuwa umemtoka. "Anamwokoa kaka yake! Damu ya Nukutaake hiyo!"

"Basi tungojeeni," Teboua alisema bila kugeuka. "Tutamzika. Mwakani tutakitoa kichwa, kama tunavyotoa vichwa vya watu wetu wote, kisafishwe, kipakwe mafuta, kikae nyumbani. Shemeji, utakipakata wewe mwenyewe. Utakuja hapa, utatuonyesha kisogo chake. Au utakishonea kofia hicho nacho?"

Mtu akacheka kwa woga, akajizuia. Terubea aliacha kutafuna.

"Nani alirusha?" akauliza.

 Wanawake kumi na watatu walikaa upande wa Terawaniba, na Kireata alikuwa katikati yao, rangi ya uso wake imekuwa kama majivu.  Teboua, akiwa amepiga magoti, alikuwa anamtazama ana kwa ana. Lilikuwa limebaki neno moja tu, jina la Kireata.

"Tulikuwa kumi na wanne," alisema. "Mimi nami nilirusha."

"Kwa hiyo umemuua mumeo!" Bureimoa alipiga kelele.

"Huenda."

Kila mwanamke pale alijua jiwe la Teboua linaanguka wapi. Walikuwa wamelicheka asubuhi ile ya vita. Hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja alirekebisha mkeka wake. Mwingine alimnyamazisha mtoto ambaye hakuwa analia.

Terubea aliutema mkadi kwenye kiganja chake, akautazama kana kwamba ndio uliomchosha. "Upande uliojipiga wenyewe haudai mtu," alisema. "Shimo libaki lilipo. Jiwe la mpaka libaki lilipo. Na huyu mwanamke asilale tena Terawaniba. Sasa mzikeni yule mtu, siku tatu zimekuwa nyingi."

Teboua alirudi Nukutaake na mkeka wake na deraya ile, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuigusa. Moiua alimpokea kwa kilio. Mama yake hakulia. Alimwambia tu, "Kaoge."

Aliishi huko miaka mingi, na miaka yote hiyo watoto wa Terawaniba wakimwona ufukweni walikimbia wakiita, "Mla mume! Mla mume!" Mwanzoni aliwarushia mawe. Yakawa yanaanguka hatua tatu mbele yake, nao wakacheka, wakazoea, wakawa wanamwita hivyo bila hata ubaya, kama jina.

Baada ya mwaka, kichwa cha Kabuta kilitolewa kaburini. Bureimoa hakukitaka. Kireata alikichukua. Siku moja alikuja nacho Nukutaake, amekifunga kwenye mkeka, akaketi karibu na mlango bila kukaribishwa.

"Wifi, nimekuja."

"Nakuona."

"Nampaka mafuta kila asubuhi. Nampa tumbaku." Alikifungua. Kilikuwa kimesafishwa, kimeng'aa. Kidole gumba chake kilikwenda chenyewe kisogoni, kikatulia ndani ya ule mbonyeo, kama kimezoea. "Ulijua."

"Nilikusikia ukijisifu."

"Kwa nini hukusema?"

Teboua alitazama kile kidole, akageuza uso. Alikuwa na huruma, lakini huruma yake ilichelewa kufika kuliko kinyaa, kama kawaida yake.

"Ningekutaja, kaka yako Bureimoa angekula ardhi yako. Mume wako angekataa. Wangepanga siku nyingine. Na mimi ningeletewa makumbi nisuke deraya. Nilichoka, Kireata. Usinipe sifa. Funika hicho kitu."

Kireata alikifunika. Alikaa kidogo, akaacha samaki wawili kwenye mkeka, akaondoka. Samaki walikuwa wa tangu jana. Teboua aliwapa watoto.

Miaka mitatu baadaye, Moiua alikuja mchana, mzigo mkubwa begani. Alikuwa amenenepa. Babai ilikuwa imestawi, na mtu wa kijiji cha kusini alikuwa amemtukana kwa habari ya mtumbwi. Aliutua mzigo mbele ya dada yake. Ulikuwa wa makumbi yaliyoiva vizuri, yaliyofukuliwa asubuhi ileile, yangali yanachuruzika.

"Dada, nisukie. Mwezi mmoja unatosha, nitakuletea wasichana wa kusokota." Akatabasamu. "Ila mgongo uwe mrefu. Mpaka juu kabisa, hata nisionekane. Mimi si mjinga kama marehemu."

Teboua alikuwa anamenya babai ya shimo lile. Aliweka kisu cha kome chini, akaubeba mzigo mwenyewe, akaenda nao mpaka kwenye tope, akafukua kwa mikono, akautumbukiza na kuupanga mawe juu, moja moja. Moiua alisimama ukingoni.

"Dada, hayo yameiva tayari. Ukiyafukia tena yataoza."

"Yaache yaoze."

"Sasa nitavaa nini?"

 Alinawa mikono, akainusa, akanawa tena. Harufu ilikuwa palepale. Alitema mate, akarudi kukaa kwenye mkeka, akaendelea kumenya.